Kabla ya Tandiko

 

Siku ya mbio katika uwanja wa Ngong, Nairobi, mtangazaji hutaja mengi kabla farasi hawajatoka. Hutaja jina la farasi, la baba yake na la mama yake, mwenye mali, mkufunzi, joki, na uzito utakaobebwa. Kisha farasi wanaingizwa mmoja mmoja katika vile vyumba vya chuma vya kuanzia mbio. Ni nafasi finyu hasa: ubavu huu chuma, ubavu ule chuma, mlango nyuma, mlango mbele. Farasi anaingia, anasimama, milango inafunguka kwa kishindo, na hao, shoti! Watu wanainuka vitini, wengine wanashangilia, wengine wanachana tiketi zao.

Mimi hubaki nikijiuliza jambo lililotangulia hapo. Mnyama huyu ana kilo 450 na zaidi. Kinga yake kubwa duniani ni kukimbia. Nani alimshawishi aingie kwa miguu yake mwenyewe mahali ambapo hawezi kukimbia, akasimama humo akingoja?

Si joki. Joki alimkuta farasi aliyekwisha kufundwa. Aliyefanya kazi hiyo ni saisi, yule mtu wa zizini mwenye ndoo na brashi, ambaye jina lake halisomwi kwenye kipaza sauti. Leo nataka tuzungumze juu ya kazi yake: elimu ya awali ya farasi mchanga, ile anayopewa wakati mwalimu bado yuko chini kwa miguu yake, kabla mtu yeyote hajatia mguu kwenye kikuku. Na ninaloliamini nalisema mapema, usije ukanisubiri: farasi hutengenezwa au huharibiwa katika kipindi hiki, na mara nyingi anayemtengeneza ni mtu ambaye hatampanda maishani.

Hili si geni. Xenophon, Mgiriki aliyekuwa askari na mwandishi, aliandika kitabu kizima juu ya farasi yapata miaka 2,400 iliyopita. Humo anamwambia tajiri wa Athens kwamba kumfunza mwanafarasi si kazi yake yeye. Ampeleke kwa mwalimu, kama mtu anavyompeleka mwanawe kujifunza ufundi, na waandikiane mapatano juu ya yale ambayo mwanafarasi atakuwa anayajua siku ya kurudishwa. Ila kabla ya kumpeleka, ahakikishe kwamba mtunzaji wa nyumbani kwake amekwisha kumfanya mnyama awe mpole na awapende watu. Na namna ya kufanya hivyo anaieleza kwa akili sana: njaa, kiu na nzi vimpate mwanafarasi anapokuwa peke yake, na chakula, maji na nafuu ya kufukuziwa nzi vije kwa mkono wa mtu. Tena mtunzaji ampitishe penye watu wengi na kelele, na akishtuka, amtulize badala ya kumwadhibu. Yaliyoandikwa baadaye na wengine, mengi ni marudio ya hayo.

Najua wapo wanaojiuliza sasa hivi, farasi watuhusu nini sisi? Ni kweli, kwetu farasi ni wachache. Mbung'o aliwazuia kwa karne nyingi wasienee bara, na pale mbung'o alipokosekana, walikuwapo visubi, wale wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huo ni ugonjwa wa virusi, na katika umbo lake kali la kushika mapafu huua farasi karibu wote walioambukizwa. Ndiyo maana farasi wetu wako zaidi nyanda za juu zenye baridi, kama Nairobi, Limuru na Naivasha, na wachache wengine wako kwa polisi, kama kile kikosi cha mbwa na farasi cha Dar es Salaam. Lakini vuta subira. Nitafika kwa punda, na punda anatuhusu.

Kwanza tumjue mwanafunzi mwenyewe. Mwanafarasi huzaliwa baada ya mimba ya miezi kumi na mmoja hivi, na kwa kawaida ndani ya saa moja au mbili amesimama. Siku hiyo hiyo anaweza kumfuata mama yake mbio. Ameumbwa hivyo kwa sababu yeye ni windo. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, na anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa sehemu mbili: mbele kabisa ya paji la uso wake, na nyuma kabisa ya mkia. Basi mtu anayemjia uso kwa uso na kunyoosha mkono kumpapasa paji amepeleka mkono mahali ambapo mnyama hauoni. Saisi huja kwa pembeni, kuelekea bega, mkono ukiwa chini, akiongea kwa sauti ya kawaida. Tena hatoki upande mmoja siku zote. Farasi wengi hushikwa, hutandikwa na hupandwa kwa kushoto, desturi inayosemekana ilitokana na askari waliokuwa wakining'iniza upanga upande huo. Farasi aliyezoeshwa kushoto tu, siku ukimjia kulia atakutazama kana kwamba hajawahi kukuona.

Sasa tuingie kwenye somo la kwanza, somo la kamba. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana yaliyobaki yote ni tawi la somo hili.

Mwanafarasi wa miezi michache amevishwa hatamu isiyo na lijamu, ile ya kichwani tu, na kamba imeshikizwa chini ya kidevu. Mtu asiyejua atavuta. Mwanafarasi naye atavuta kurudi nyuma, kwa kuwa mnyama akikazwa hukaza. Hapo wameanza kushindana nguvu, na shindano hilo mtu atashinda kwa mwaka mmoja tu. Mwakani mnyama atakuwa amemzidi uzito mara nne. Saisi mzoefu hasimami mbele wakavutana. Anakaa ubavuni, karibu na bega, anaikaza kamba kidogo kuelekea upande, kisha anangoja. Haongezi nguvu, hatingishi, hakemei. Anangoja tu. Kwa kuwa kichwa kimegeuzwa kidogo, mwanafarasi anaona uzito wake umeegemea mguu mmoja, na mwisho wake ule mguu mwingine wa mbele unahama. Hatua moja, pengine nusu hatua. Papo hapo vidole vya saisi vinafunguka na kamba inaning'inia.

Somo limepita, na aliyekuwa akitazama mlangoni pengine hakuona kitu.

Farasi hajafundishwa na kule kukazwa. Amefundishwa na kule kulegezwa. Kukazwa kulimuuliza swali. Kulegezwa kukamwambia, naam, hilo hilo. Na jibu hilo lazima lije wakati wake. Ukichelewa sekunde mbili au tatu, mwanafarasi amekwisha kufanya jambo jingine, labda ameinua kichwa, labda amekusukuma kwa bega, na hilo ndilo atakaloamini kwamba umelipenda. Kwa hiyo ukimwona mtu anamvuta farasi na anaendelea kumvuta hata baada ya mnyama kutii, ujue anamfundisha kwamba kutii hakuna faida. Farasi wengi wanaoitwa wakaidi walikuwa wanafunzi wazuri wa walimu wa namna hiyo.

Na kinyume chake ni kibaya zaidi. Farasi aliyevuta kamba ikakatika, au akamtoka mtu mkononi, naye amelegezewa. Amejifunza siku hiyo kuwa nguvu zake zinatosha, na hasahau. Kumbukumbu ya farasi hudumu miaka. Ndiyo sababu mwanafarasi hafungwi kwenye nguzo kabla hajajua kuifuata kamba kwa hiari. Akifungwa mapema, akashtuka na kujitupa nyuma, anaweza kuumia shingo vibaya mno. Hata akishajua, hufungwa kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, kwa kimo cha mabega yake au juu zaidi, na wengi hupitisha kamba kwenye kitanzi cha uzi dhaifu ili likitokea la kutokea, ukatike uzi usiumie mnyama. Na wewe mwenyewe usiizungushe kamba mkononi hata siku moja. Kuna watu hawana vidole kwa sababu ya uvivu huo.

Tena farasi hasomi kamba tu, humsoma na mwenye kuishika; niwasimulie kisa cha Berlin. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na mwalimu mstaafu, Wilhelm von Osten, aliyekuwa na farasi aitwaye Hans. Ukimuuliza Hans mbili na tatu ni ngapi, alipiga kwato chini mara tano, akaacha. Alijibu hesabu ngumu kuliko hiyo pia. Mwaka 1904 jopo la watu wenye elimu zao lilikaa kumchunguza, na halikuona hila yoyote. Ndipo mwanasaikolojia Oskar Pfungst akaja na jaribio lililokuwa jepesi: Hans aulizwe na mtu ambaye mwenyewe hajui jibu. Hans akashindwa. Azuiwe asimwone muulizaji. Akashindwa tena. Mwaka 1907 Pfungst alieleza kilichokuwa kikitendeka: hesabu ilipofikia jibu, muulizaji alikiinua kichwa chake kidogo sana bila kujijua, na farasi alikuwa akiona.

Wengi hukisimulia kisa hiki kuonyesha kwamba farasi yule hakuwa na akili. Mimi nasema fikirini tena. Jopo zima la wataalamu halikuona alichokiona Hans. Mnyama anayeweza kusoma shingo ya mtu kwa kiasi hicho, wewe unayeingia zizini umenuna kwa ugomvi wa nyumbani, mabega yamepanda juu, pumzi unaibana, unadhani hajakusoma kabla hujafungua mlango? Xenophon naye alionya mtu asimwendee farasi akiwa na hasira. Walimu wazuri wa leo wanalifanya hilo kuwa kanuni ya kazi: siku mbaya, piga brashi, mpe majani, somo liahirishwe.

Huku nikisema hayo, sitaki nieleweke kwamba elimu hii ni ya kubembeleza. Upo uharibifu wa upande wa pili, na unafanywa na watu wenye huruma. Mwanafarasi yatima aliyelelewa kwa chupa, akachezewa kama mtoto wa mbwa, akaachwa amsukume mtu, amuume mifuko akitafuta sukari, amwekee miguu ya mbele mabegani, wote wakacheka, huyo akifika miaka mitatu ni mnyama wa hatari. Hamwogopi mtu na wala hamheshimu, kwa maana hajawahi kufunzwa na farasi wakubwa mpaka ni upi. Kundini, mwanafarasi anayevuka mpaka huoneshwa masikio yaliyolazwa nyuma. Asipoelewa, huumwa au hupigwa teke. Na shauri linakwisha hapo hapo, hakuna kinyongo. Saisi naye huweka mpaka wake. Farasi akimsogelea mno, yeye hasogei. Humwashiria mnyama arudi hatua moja, akirudi humwacha. Ukiwatazama farasi wawili uwanjani utaona kwamba mdogo ndiye anayehama. Kwa hiyo kila hatua unayompisha farasi mchanga bila kufikiri, yeye ameihesabu.

Somo la kuinua mguu nalo lina undani wake. Kwato hukatwa na fundi kila baada ya wiki sita hadi nane, maisha yote, na farasi asiyetoa mguu ni tabu kwa kila mtu. Sasa fikiria unamwomba nini. Unamwomba mnyama ambaye uhai wake uko miguuni akukabidhi mguu mmoja. Haupatikani kwa kuunyakua. Mkono huanzia begani, ukashuka taratibu hadi gotini, ukarudi juu. Kesho unashuka zaidi. Ukifika chini, mguu huinuliwa kidogo tu, ukashushwa na mtu kabla mnyama hajataka kuushusha. Hilo la mwisho ndilo ufunguo. Farasi akipokonya mguu nawe ukauachia, umemlipa kwa kupokonya. Ni kanuni ile ile ya kamba, imehamia mguuni.

Tuje kwenye hofu. Mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo, turubai, mwavuli, bodaboda inayopita: haya ndiyo mashetani ya farasi mchanga. Kuna njia mbili za kuyazoesha. Moja ni kumfunga mnyama na kumletea kitu cha kutisha mpaka aache kupigana. Nyingine ni kukileta kile kitu hadi umbali ambao anakiona, masikio yamesimama lakini miguu imetulia, kisha kukiondoa angali ametulia. Unarudia, karibu zaidi kidogo. Siku moja unakuta anakifuata mwenyewe na kukinusa.

Njia ya kwanza ni ya haraka, na iliwahi kuleta umaarufu. Mwaka 1858, huko Uingereza, Mmarekani mmoja kutoka Ohio, John Solomon Rarey, alionyesha ufundi wake mbele ya Malkia Victoria. Alikuwa akimkunja farasi mkali mguu mmoja wa mbele kwa mkanda, anamchosha kwa miguu mitatu, mpaka mnyama analala chini. Kisha anamshika mwili mzima, anampapasa, anamwinua. Farasi aliyempa jina kubwa aliitwa Cruiser, aliyekuwa ameshindikana kwa ukali. Watu wa enzi ile walimsifu Rarey kwa upole, na ukilinganisha na vipigo vilivyokuwa kawaida, walikuwa na haki. Lakini mnyama aliyelala kwa sababu hakubakiwa na la kufanya hajakubali; amekata tamaa. Tofauti inaonekana ukikaribia. Farasi aliyekubali hulegeza taya, hulamba midomo, hushusha shingo, hupuliza pumzi ndefu ya pua, na sikio moja hubaki limekugeukia wewe. Aliyekata tamaa amesimama kimya, ndiyo, lakini macho yamekodoka hayatazami kitu, taya imebana, ngozi haishtuki hata nzi akitua. Wasiojua humwita huyu wa pili mtulivu. Siku akizinduka, na huzinduka, atamwangusha mtu na wote watasema amebadilika ghafla.

Ndugu zetu wenye jamaa Oman wameona picha nyingine ya farasi aliyelala. Katika ardha, maonyesho ya farasi na ngamia ambayo UNESCO iliyaorodhesha kuwa urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2018, farasi hupita shoti wawili wawili, wapandaji wameshikana, mmoja akisimama juu ya mgongo wa farasi. Kisha yupo farasi anayelala mchangani kwa ishara ya mpandaji wake, kwato hazijafungwa, mkanda haupo, na umati umejaa pembeni. Kwa mnyama aliye windo, kulala mbele ya watu wanaoshangilia ni jambo zito kuliko kuruka kizuizi.

Sasa umri. Hapa watu wa farasi hugombana, na mimi nina upande wangu. Miisho ya mifupa ya farasi mchanga ina gegedu ambalo hugeuka mfupa mgumu polepole, likianzia chini kwenda juu. Karibu na kwato hukomaa mapema. Juu ya goti la mbele huchukua miaka miwili na kitu. Uti wa mgongo, pale hasa tunapokalia, hukamilika farasi akiwa na miaka mitano au zaidi. Hata hivyo, katika nchi nyingi farasi wa mbio hushindana akiwa na miaka miwili. Watetezi wa desturi hiyo husema mifupa michanga huimarika kwa mazoezi ya kiasi, na hilo ni kweli, limethibitika. Lakini kiasi ni neno ambalo pesa haijui kulisoma. Kule Austria, madume wa Lipizzaner hukulia Piber, wakapelekwa milimani wakati wa kiangazi, na huenda Vienna kwenye chuo cha wapanda farasi wakiwa na miaka minne hivi. Masomo huchukua miaka sita au zaidi. Na kwa kawaida hao hufanya kazi hadi umri ambao farasi wengi wa mbio wamekwisha kustaafu zamani. Kama farasi ungekuwa wako, wewe ungefuata kalenda ipi?

Kazi ya ardhini ndiyo inayoufanya muda huo usipotee bure. Farasi wa mwaka mmoja anaweza kujua kufuata, kusimama, kurudi nyuma, kutoa miguu, kupanda gari la kusafirishia. Vyote bila kubeba hata kilo moja. Vipindi viwe vifupi, dakika kumi, kumi na tano, na viishie penye jambo alilolifanya vizuri. Kuna kitu kimoja sikipendi: kumzungusha mwanafarasi kwa kamba ndefu, mduara baada ya mduara, eti achoke kabla ya somo. Mduara huikaza miguu michanga upande mmoja, na farasi hachoki. Hupata pumzi na misuli, kesho anahitaji miduara mingi zaidi.

Tandiko likija, adui si tandiko. Ni mkanda wa tumbo. Kitu kinachobana kifua kwa asili yake ni makucha ya simba, na mwili wa farasi unakumbuka hata kama yeye alizaliwa Limuru na simba hajamwona. Basi huanza na kitambaa, kikawekwa mgongoni na kuondolewa pande zote mbili. Kisha tandiko bila kufungwa. Kisha mkanda ukafungwa tundu la kwanza tu, farasi akatembezwa hatua chache, akasimamishwa, tundu la pili, akatembezwa tena. Anayekaza mkanda wote kwa mara moja akamwachia farasi aruke-ruke na kurusha mateke mpaka achoke, amemfundisha kitu kimoja: tandiko ni la kurukia.

Lijamu nalo lina mahali pake. Kati ya meno ya mbele na magego pana ufizi mtupu, na kidole gumba kikiingizwa hapo kwa pembeni, farasi hufungua kinywa mwenyewe. Asubuhi ya baridi chuma hupashwa joto kwanza mkononi. Na farasi wa miaka mitatu akianza ghafla kurusha kichwa, kabla hujamlaumu tazama kinywani: huenda anang'oa meno ya utoto, na daktari wa mifugo ana kauli hapo kabla ya mwalimu.

Kinachofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kamba mbili ndefu. Saisi anatembea nyuma, mbali kidogo na mateke, ameshika vigwe virefu vilivyopita ubavuni mwa farasi, na farasi yuko mbele peke yake, anaongozwa kulia, kushoto, simama, nenda. Wanatoka getini, wanapita penye matatu, penye mbwa, penye shule watoto wakipiga makelele. Farasi anajifunza kutangulia bila kumwona mtu mbele yake. Mwezi mmoja wa kazi hiyo, na siku mtu mwepesi atakapolazwa mgongoni mwake kwa tumbo kama gunia, akapelekwa hatua tatu, akashuka, kitakachokuwa kigeni ni uzito tu. Breki, usukani na masikio ya kusikiliza vimekwisha kuwekwa. Ikiwa kuna kioja siku ya kwanza ya kupandwa, ujue kuna somo lililorukwa.

Nilisema nitafika kwa punda. Punda wa Lamu anayepita vichochoroni na mifuko ya saruji, punda wa maji wa mjini, punda wa gari la mkokoteni: huyu hapewi hata robo ya elimu niliyoieleza. Hukamatwa siku moja, hutupiwa mzigo, hupigwa bakora. Punda hana tabia ya farasi ya kukurupuka. Akiogopa hugota, akasimama kutafakari. Sisi tunaita ukaidi, tunaongeza bakora, na bakora haina mlegezo ndani yake, kwa hiyo hajui tunamtaka nini. Baadaye tunasema asante ya punda ni mateke. Huko Lamu tangu mwaka 1987 kuna kituo cha hisani kinachowatibu punda bila malipo, na madaktari wanafanya yao, lakini daktari huja baada ya kidonda.

Basi, wewe unayenunua punda mchanga, fanya jambo hili moja. Mfunue mdomo utazame meno ya mbele ya chini. Yako sita. Ya utoto ni madogo na meupe. Ya ukubwani ni mapana, yana rangi ya manjano kidogo. Mawili ya katikati hubadilika kwenye miaka miwili na nusu, yanayofuata mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu, na kwa punda huweza kuchelewa zaidi ya hapo. Ukikuta ya pembeni bado ni yale madogo meupe, usimtwike. Mvishe shogi tupu, mtembeze, mfundishe kamba na miguu, alegezewe kila anapotii. Saruji ingoje meno ya pembeni yaote.